Nyar Bungoma na Nafasi ya Wageni

Mimi ni mtu wa kushuku, nakubali. Nikiletewa chai yenye maziwa mengi ofisini, kabla sijaonja nauliza nani amekufa. Kwa hiyo Daktari Walter, mkuu wa idara yetu ya afya, aliponiita asubuhi ile akasema, "Nangila, wewe ni wetu kabisa," nilipaswa kujihadhari. Badala yake nilitabasamu kama mjinga.

Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka mingi. Mimi ni Mbukusu wa Bungoma. Niliolewa Dunga, kijiji cha ufuoni mwa ziwa, na marehemu Odongo, na Kisumu nimekaa mpaka ndoto naota kwa Kijaluo. Lakini ofisini nilibaki jamwa, yaani Mluhya, mtu wa kuja. Mkutano ukifika penye utamu, ghafla Kiswahili kinaisha, Kijaluo kinaanza. Nafasi ya msimamizi wa kituo chetu cha Nyalenda ilipopatikana mara ya kwanza, niliiomba, na Daktari huyu huyu akaniambia kwa upole, "Watu wa pale wanataka mtu wao. Jamwa hawatamsikiliza." Nikarudi kwenye mabomba ya maji kupima klorini.

Sasa nafasi ilikuwa wazi tena. Safari hii idara ilitangaza kwa mbwembwe kwamba itapewa mtu wa jamii ndogo, maana wakubwa walikuwa wameuliza kwa nini ofisi nzima ni ya kabila moja. Niliiomba tena, nikaitaka mpaka usingizi ukanipotea. Si kwa ajili ya cheo tu. Nyalenda imejaa wapangaji wa kwetu, na wakishikwa na kipindupindu wanajificha vyumbani, kwa sababu mapokezi ya kituo kile huuliza jina la ukoo kabla ya kuuliza unaumwa wapi. Tulimzika Nanyama, muuza mboga, kwa ajili ya swali hilo. Aliogopa kuulizwa, akachelewa. Nilijua nikikaa kwenye kiti kile, swali hilo nitalifuta siku ya kwanza.

"Asante, Daktari," nikamjibu asubuhi ile. "Nami najiona wenu."

"Ndiyo maana jina lako halimo kwenye orodha ya mahojiano. Hii nafasi ni ya wageni. Wewe si mgeni. Wewe ni mke wetu."

Tabasamu lilinikauka mdomoni. Nilitoka bila kuaga. Mlangoni Jacinta, katibu wake, alininong'oneza kwamba kwenye orodha yumo Robinson, binamu ya mke wa Daktari. Amehesabiwa mtu wa jamii ndogo kwa kuwa mama yake alizaliwa Kakamega. Kumbe nusu Mluhya ni mgeni, na Mluhya mzima ni mwenyeji! Nikageuka, nikarudi ndani hasira zikinichemka.

Daktari hata hakushtuka. "Usikasirike, Nangila. Kama ulishaondoka kwa kina Odongo, lete mtu wa boma aje aseme hivyo mbele yangu. Nitakuandika leo leo."

Alijua anachofanya. Dunga ndiko kaburi la mume wangu, ndiko nyumba yangu, ndiko watoto wangu wanakoita nyumbani. Boma likinikana, nimekosa kwangu. Lisiponikana, nimekosa kazi.

Na nani alimpelekea habari za boma? Nilimshuku mama mkwe, Mama Anyango, kwa sababu Daktari hununua samaki kwake. Tangu nilipoolewa mwanamke huyo hajawahi kuniita kwa jina langu. Ni "Nyar Bungoma, leta maji," "Nyar Bungoma, mtoto analia." Binti wa Bungoma. Najua Wajaluo huwaita wake hivyo. Mke wa shemeji yangu, aliyetoka Seme, ni Nyar Seme. Lakini hilo la Nyar Seme nililisikia kama jina, na langu nililisikia kama mlango unaofungwa.

Nilimkuta ufuoni akitoa samaki aina ya ngege magamba. Sikumsalimu.

"Mama, ni wewe ulimwambia Daktari mambo yangu?"

"Ni mimi," akajibu bila haya. "Aliuliza kama Nyar Bungoma bado yuko kwetu. Nikamwambia yuko, hata nyumba yake tumeweka mabati mapya. Kwani ni siri?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza kisu kikiendelea na kazi. Kisha akanawa mikono, akajifunga leso.

"Twende huko."

"Utasema nini, mama?"

"Si anataka mtu wa boma? Twende."

Ndani ya tuktuk nilimtazama kwa pembeni. Labda leo amepata nafasi ya kunitua kama mzigo. Au labda atanikumbatia kwa mapenzi, na kazi ife mikononi mwake. Sikujua niombe lipi.

Daktari alimpokea kwa maneno ya asali. "Mama, swali ni moja tu. Huyu ni mke wenu, ama aliondoka?"

"Ni wetu," Mama Anyango akasema. Aliongea Kiswahili, Mjaluo kwa Mjaluo, akitaka kila neno nilisikie.

Daktari akanyoosha mikono kunionyesha kwamba basi.

"Ngoja, wuoda, mwanangu, sijamaliza. Mimi kule Dunga wananiita nani?"

"Nyar Alego, mama."

"Niliolewa kama ni msichana mdogo. Sasa meno inaisha, na bado mimi ni Nyar Alego. Hakuna mtu aliniambia sahau Alego. Huyu naye naita Nyar Bungoma kila siku ya Mungu, ndio watu wajue yuko na kwao. Bibi hana kwao, watu wanamchezea. Sasa wewe unamwita mke wetu ndio umnyime kazi? Mke ni wa kunyimwa? Mama yako mwenyewe anaitwa nani?"

"Nyar Ugenya," akasema Daktari kwa sauti ya chini.

"Haya. Andika."

Akachukua kalamu, akaandika jina langu chini ya la Robinson. Nililia, sioni aibu kusema. Miaka yote hiyo nilidhani mama mkwe ananifungia mlango, kumbe alikuwa anausimamia nisitupwe nje.

Niliinuka tuondoke. Mama Anyango hakuinuka. Jacinta akaingia na vikombe viwili, na Daktari akatuhimiza, uso umejaa tabasamu, tunywe chai kwanza. Mama mkwe akachungulia kikombe chake, akakinusa, akaniinamia.

"Nyar Bungoma, hii chai mbona ni nyeupe hivi? Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Lakini usinywe kwanza. Hajatia sahihi kwenye orodha."