Nyuki Siku ya Mafundi

Mafundi wa Ifakara walipomwomba Restituta awape uwanja wa maktaba wafanyie maonyesho yao, hakusita. Alikuwa mkutubi wa pale kwa miaka kadhaa, na wasomaji wake wengi walikuwa wanafunzi waliokimbia jua na wastaafu waliokuja kusoma gazeti la juzi. Akafikiri: wanaotengeneza vitu wakija, watakuja na watu. Akatoa vitabu vya useremala, vya ufugaji na vya kilimo, akavipanga mezani karibu na mlango, ili fundi aliyekwama apate pa kutazama.

Wakaiita Siku ya Mafundi, Jumamosi moja ya kiangazi, mwaka wa tisini na sita. Na watu walikuja kweli. Balbina alileta majiko ya udongo yanayotumia pumba za mpunga. Bibi Scolastica, ambaye miguu yake ilikuwa haimbebi tena, aliletwa kwa baiskeli, akaketishwa katikati ya uwanja akiwafundisha wasichana kusuka mikeka ya ukindu. Kelestini wa Mchombe ndiye aliyengojewa zaidi. Alikuwa ameunda mashine ndogo ya kukoboa mpunga kwa injini ya pampu mbovu ya maji.

"Dada, naomba niiweke barazani," alisema. "Jua hili linalegeza mkanda."

"Weka tu, kaka."

Juu ya baraza lile, darini, walikaa nyuki. Walikuwepo kabla Restituta hajaanza kazi pale. Waliingia na kutoka kwenye ufa wa ubao wakiendelea na shughuli zao, na watu wakaendelea na zao.

Kelestini alivuta kamba. Injini ikakohoa, ikashika. Baraza zima likatetemeka, mbao za dari zikawa zinagongana. Mchele mweupe ulipoanza kumwagika kwenye ungo, wanawake walipiga vigelegele. Restituta alikuwa anapiga makofi alipochomwa shingoni. Akapangusa. Akachomwa tena, mkononi. Akainua macho, akaona ule ufa umejaa weusi, na weusi ule unamiminika chini.

"Nyuki!"

Sufuria zilipinduka, watoto walikanyagwa. Wengine walikimbilia barabarani, wengine waliingia maktaba wakisukumana mlangoni. Restituta alisukumwa ndani pamoja nao. Alifunga madirisha ya mbao moja baada ya jingine, akarudi mlangoni, akausukuma kwa bega na kutia komeo. Hakutazama nani amebaki nje. Mikono yake ilifanya tu.

Ndani kukawa giza. Watu walijipiga vichwani kuwaua nyuki walioingia nao. Mtoto alikuwa analia bila kuvuta pumzi. Nje injini iliendelea kunguruma, maana Kelestini alikuwa ameiacha na kukimbilia ndani kama wengine, na nyuki nao walizidi kuchachamaa. Walikuwa wanajigonga kwenye madirisha kama mchanga unaorushwa.

Restituta aliweka jicho kwenye ufa wa dirisha. Uwanja ulikuwa mtupu. Mbuzi wa mtu, aliyefungwa kwenye nguzo, alikuwa anaruka na kuanguka. Kisha akaona mkeka mmoja ukitembea chini taratibu. Alikuwa Bibi Scolastica. Amejifunika mkeka aliokuwa anausuka, anajivuta kwa viwiko, na juu ya ukindu nyuki wametanda mpaka rangi haionekani.

"Bibi yuko nje," alisema. Akarudia kwa nguvu. "Bibi Scolastica yuko nje!"

Alinyoosha mkono kwenye komeo. Beatus, baba wa yule mtoto aliyekuwa analia, aliuegemea mlango kwa mgongo wake.

"Hufungui."

"Atakufa, Beatus."

"Na sisi je? Mtazame mwanangu! Ukifungua hapa, tumekwisha wote."

Hakuna aliyembishia. Na Restituta, aliyekuwa ameshika komeo, alihisi jambo ambalo lilimtisha kuliko nyuki: kifuani mwake alishukuru kwamba kuna mtu anamzuia. Nje sauti ya bibi ilisikika, si kelele, bali kama mtu anayesali Salamu Maria na kukatizwa.

"Moshi," alisema Balbina kutoka gizani. "Nyuki wanakimbia moshi. Jiko langu moja liko humu ndani, niliingia nalo nimelikumbatia, hata sijui kwa nini. Lakini pumba zimebaki nje."

Restituta aligeuka kutazama rafu. Maktabani moto haukuruhusiwa hata wa kiberiti. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatoa wavuta sigara. Akaenda kwenye kabati la magazeti ya zamani aliyoyashona kwa mkono wake, mwaka mmoja kitabu kimoja. Akayachana. Akayajaza jikoni, akayanyunyizia maji ya mtungi ili yafuke badala ya kuwaka. Balbina akampa kiberiti; njiti mbili zilimkatikia kabla ya moja kushika. Moshi ulipopanda, watu wakaanza kukohoa, na yeye akaogopa upya, sasa akiwaza cheche na karatasi zote zile.

"Nitakwenda nawe," alisema Kelestini. Uso wake ulikuwa umeshaanza kuvimba. "Ile injini isipozimwa hawatatulia. Na mashine ni yangu."

Wakang'oa mapazia, wakajifunga mpaka machoni. Beatus aliutazama moshi ukifuka jikoni. Kisha akamkabidhi Balbina mtoto wake, akafungua mlango nafasi ya mtu mmoja, akaufunga nyuma yao.

Kelele za nje zilikuwa mvumo mmoja, kama maji ya mto wakati wa masika. Restituta alitembea ameshika jiko mbele yake, haoni kitu, moshi unamchoma macho na nyuki wanapenya kwenye mikunjo ya pazia. Alitaka kulitupa jiko na kukimbia, na kila hatua alitaka hivyo. Nyuma yake injini ilizimika ghafla. Akapiga magoti kando ya mkeka, akaweka jiko chini.

"Bibi! Ni mimi, Restituta."

Mkono ukatoka chini ya ukindu, ukamshika kifundo cha mguu, haukumwachia.

Walimburuta pamoja na mkeka wake hadi mlangoni, Kelestini akiwa haoni tena, anafuata sauti. Beatus alifungua kabla hawajagonga.

Mbuzi alikufa. Bibi na Kelestini walilazwa hospitali; Kelestini alikaa wiki nzima, na kwa siku mbili za mwanzo madaktari hawakumwahidi mkewe kitu. Alipona. Baadaye Amedeus, mrina asali kutoka Sanje, alikuja akawahamisha nyuki wote darini. Hata hivyo, Restituta aliendelea kushtuka kila pikipiki ilipopita barabarani, na ilimchukua muda kufungua madirisha ya upande ule.

Siku aliyokwenda kumwona Bibi Scolastica wodini, alisimama mbali na kitanda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sogea." Midomo yake ilikuwa bado mizito. "Nilikusikia ukitia komeo."

Machozi yalimtoka Restituta, akayaacha.

"Pale ndipo nilipoogopa," alisema bibi. "Kwa wale nyuki sikuogopa hivyo." Akavuta pumzi. "Haya, nishike huku mgongoni unigeuze. Upande huu unaniuma."

Restituta akavua kandambili, akapanda ukingoni mwa kitanda, akamshika kwa mikono miwili.