Nyanya za Gichunge

Nyanya za Gichunge zilikuwa haziozi. Kinanu alizisifia hilo tangu alipoanza kuziuza katika soko la Isiolo: ngozi ngumu, nyama nene, zote za umbo moja kama mayai. Madereva wa malori ya Merti waliziacha nyingine zote wakabeba hizo, kwa sababu zilifika nzima hata barabara ikiwa mbovu namna gani.

Aliyelalamika ni Fardosa wa Kiwanjani, mteja wake wa miaka mingi. Mama yake alikuwa mgonjwa, ameambiwa ale mboga na matunda apate vitamini, naye alikuwa akikataa kila mchuzi.

"Anasema haina harufu," Fardosa alisema. "Na mimi nimenusa, Kinanu. Kweli haina. Nimepika mpaka rangi ikatoka, lakini ladha hakuna. Ni kama kupika maji."

Kinanu akacheka. Akainama, akatoa moja iliyokuwa imesahaulika chini ya meza tangu kabla ya mvua, akaikata amwonyeshe ilivyo nzima. Kicheko kikamkauka. Ndani, mbegu zilikuwa zimeota. Vizizi vyeupe vilijaa humo kama minyoo, vimejikunja chini ya ngozi inayong'aa, vikitafuta pa kutokea.

Fardosa alirudi nyuma akimtaja Mungu. "Mimi hii sichukui tena."

Kesho yake Kinanu akapanda bodaboda mpaka kwa Gichunge, kule Kambi Garba. Jua lilikuwa la utosi. Alipoingia shambani alishtuka kwa jinsi palivyokuwa kimya. Hapakuwa na nyuki wala ndege. Ua wa shamba ulikuwa umeanguka, lakini mbuzi wa jirani walisimama nje tu, wakitazama. Akafikicha jani la mnyanya, akanusa vidole. Hakusikia kitu.

Gichunge, amekonda, alikuwa ameketi juu ya kreti akila nyanya, moja baada ya nyingine, bila chumvi, kama anayetafuna karatasi.

"Mzee, hii mbegu uliichaguaje?"

"Kwa macho na kwa mkono. Tangu tumzike mke wangu, ulimi wangu hausikii kitu. Chumvi, sukari, yote sawa. Basi nikachagua iliyo ngumu, iliyo nyekundu zaidi."

"Na zile za marehemu mkeo, Mama Karwitha? Zile laini, za mikunjo?"

Uso wake ukabadilika. Akaonyesha kwa kidevu pembe ya mbali, nyuma ya tangi la maji. "Huko siendi. Nikikaribia nasikia mtu anachuma."

Kinanu akaenda. Kabla hajafika, harufu ilimpokea, ya uchachu na utamu pamoja. Minyanya ilikuwa imejiotea, imetambaa ardhini, matunda mengine yamepasuka, nyuki wameyajaa. Alianza kuchuma akitia kwenye leso. Nyuma yake akasikia kikonyo kinakatika. Akageuka, hapakuwa na mtu. Kikakatika kingine. Safari hii hakugeuka.

Alirudi haraka, akampa Gichunge moja iliyoiva mpaka ndani. "Kula, mzee."

Akaiuma. Maji yakamtiririka kidevuni. Alifumba macho.

"Ni chachu," akanong'ona. "Chachu kidogo, halafu..." Akainua kichwa kuelekea tangi, akasema kwa sauti ya mtu aliyeitwa nyumbani kwake, "Nakuja!"

Akainuka, akaenda. Kinanu hakumfuata. Majani kule yalikuwa yakitikisika, na upepo haukuwepo.

Jioni hiyo Fardosa alipika zile laini alizopelekewa na Kinanu, na mama yake akafuta sahani yote kwa mkate wa anjera.

Gichunge aling'oa zile ngumu. Siku hizi huleta za mikunjo, ambazo haziwezi kufika Merti na lazima ziuzwe siku hiyo hiyo. Mwili umemrudia. "Tumechuma tangu asubuhi," humwambia Kinanu akishusha kreti. Kinanu anajua mzee huyo anaishi peke yake. Humsaidia kushika upande wa pili, na haulizi.