Kilo Ishirini na Tatu

Nilipotangaza kuuza baiskeli ya umeme ya marehemu mume wangu, wote waliopiga simu waliuliza bei. Bwana Fan peke yake ndiye aliyetaka kujua uzuri wake na ubaya wake. Alikuja Jumapili mchana na mkewe, nikawapokea chini ya jengo letu, karibu na ngazi. Baiskeli ilikuwa imekunjwa miguuni pangu. Tangu msiba wa Machi mlinzi alikuwa amenihifadhia kibandani kwake.

"Kiwanda kimetufungia," alisema Fan. "Nataka nianze kuendesha walevi."

Ndiyo kazi aliyoifanya Shoutian wangu hapa Luoyang. Mtu akilewa karamuni anakuita. Unamfuata kwa baiskeli, unaikunja, unaitia kwenye buti la gari lake, unamwendesha mpaka kwake, halafu unaikunjua kumfuata mlevi mwingine.

"Inakunjika upesi," nikamwambia. "Inaingia buti lolote. Muuzaji alisema betri inakwenda kilomita hamsini; wewe hesabu thelathini, wauzaji unawajua. Breki ya nyuma inalia kama mbuzi, lakini inakamata. Hiki kitambaa cha kutandika kwenye buti nilishona mwenyewe."

Niliyasema yote bila kuhisi kitu. Nimekuwa hivyo tangu Machi. Chakula nakila, ladha siijui.

"Na ubaya wake, dada?"

"Nzito. Kilo ishirini na tatu."

Fan aliinyanyua, akaishusha. "Zipo za kilo kumi na mbili, ila bei juu," akamwambia mkewe, kama anayeomba ruhusa. "Rahisi ghali, mama Tongtong."

"Na ghali je, si ghali vilevile?" mkewe akamjibu. "Kilo kumi na moja zaidi ni nini, baba Tongtong? Mfuko wa unga huo. Kwani unga hubebi?"

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema dukani mwaka juzi, kwa utani uleule, na Shoutian akacheka, akanunua niliyoichagua mimi.

"Mnakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya tisa," akasema mke. "Lakini lifti ipo."

"Lifti haitaki baiskeli za umeme. Kamera ikiiona, mlango haujifungi. Ukiiacha chini, asubuhi betri huikuti."

"Basi atapanda ngazi. Mazoezi hayo."

"Ibebe wewe," nikamwambia.

"Mimi?"

"Mpaka ya tisa. Ukifika, chukueni kwa nusu bei."

Nusu bei ilimwingia. Alikunja mikono ya shati, akaibeba, sisi wawili tukamfuata nyuma. Mpaka ghorofa ya tatu alikuwa akitutania. Ya tano utani ulimwishia. Fan alitaka kumpokea, nikamzuia. Baada ya ya saba aliitua kwenye kona ya ngazi, akakaa chini, mkono kifuani.

"Dada," alisema alipopata pumzi, "mumeo alikufa kwa nini?"

"Alifia hapo ulipokaa. Alikuwa anatoka kazini, kaibeba. Moyo ulisimama."

Alinyanyuka taratibu. Hakunipa pole, na sikuwa na haja nayo. Alimshika mumewe mkono, wakateremka, nikawa namsikia ghorofa baada ya ghorofa: "Tutanunua ile nyepesi. Usinibishie, tutanunua."

Nikabaki na baiskeli. Mimi nakaa ya kumi na moja. Sikuwahi kuibeba hata siku moja, kazi hiyo ilikuwa ya Shoutian. Niliinyanyua. Kufika ya tisa nilikuwa nimeitua mara mbili, ya kumi sikuiona vizuri.

Niliiweka mlangoni, pale pale alipokuwa akiiweka, nikasimama nikihema. Mhemo ule niliujua. Kila alfajiri, kwa miaka miwili, niliusikia nje ya mlango huu, nikageukia ukutani ili nisiharibiwe usingizi.