Kamba ya Pangoni

Niseme mapema kwamba sikutaka kwenda. Jumamosi ile zilibaki siku mbili tu nianze likizo. Begi lilikuwa limeshafungwa, tiketi ya Jumatatu nimeichomeka ndani ya Biblia, na roho yangu yote iko Tarime kwa mama. Mama alikuwa kitandani wiki ya tatu. Mdogo wangu, aliyekuwa akimuuguza, alinipigia kila jioni, na kila jioni neno lilikuwa lilelile: anakuulizia.

Likizo yangu hasa ilikuwa ya mwezi wa nane. Loyce, muuguzi mwenzangu kwenye kituo cha afya hapa Kibondo, aliniomba tubadilishane kwa sababu ya sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake anayeolewa, kule Muleba. Nikakubali. Wakati huo mama alikuwa analima mihogo yake, hana hata mafua. Halafu mimi huwa nakubali. Krismasi mbili mfululizo zamu nimeshika mimi, kwa kuwa sina mume wala mtoto, na watu wakishakuzoea hivyo hawakuulizi tena, wanakuandika tu.

"Ghati, utakaa chumbani unaitazama simu mpaka Jumatatu?" Loyce aliniambia. "Twende Kasulu ukacheke kidogo, dada."

Habari ya Kasulu aliileta Brighton, mtaalamu wetu wa maabara. Kuna kijana anaitwa Kipriani, mzaliwa wa Muyama aliyewahi kufanya kazi Dar, amegeuza ghala la maharage kuwa pango. Mnafungiwa humo ndani, mna saa moja ya kufumbua mafumbo mpaka mpate njia ya kutoka. Nilimwambia Brighton kwamba mimi najua watu wanaolipa ili wafunguliwe, wa kulipa ili wafungiwe sijawaona. Alicheka, lakini saa nne asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Kipriani.

Alitupokea kwa kupiga makofi mepesi, kama wanavyosalimia Waha. "Mwakeye! Karibuni pangoni." Akatueleza kwamba sisi ni watafuta hazina, mwamba umeanguka, tumenaswa. Kisha akaleta kapu. "Simu zote humu, jamani. Mtu akiingia na simu, mchezo hauna maana."

Nikamwambia yangu siiachi, mama yangu anaumwa. Alinitazama kwa huruma ya kweli, sina cha kumlaumu. "Dada, kapu naliweka hapa hapa nyuma ya ukuta. Ukisikia inalia, sema 'fungua', nakufungulia muda huo huo. Ila mchezo ndo utakuwa umeisha kwa wote."

Nikaiweka simu juu ya zile nyingine.

Siwezi kusema uongo, nilifurahi. Kuta zilikandikwa udongo mweusi, kulikuwa na chemli, ramani iliyochorwa kwenye gunia, na makufuli ya namba kila pembe. Brighton alijifanya kamanda, akatoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Loyce aliipata namba ya kwanza chini ya chungu akapiga vigelegele. Mimi ndiye niliyegundua kwamba popo waliochorwa darini walikuwa wa kuhesabiwa, na kufuli kubwa likafunguka mikononi mwangu. Kwa dakika nyingi, labda arobaini, sikumkumbuka mama hata mara moja. Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Fumbo la mwisho lilikuwa lango dogo la mbao chini ya ukuta, linaloinuliwa kwa kamba iliyopita kwenye kapi darini. Ukivuta kamba, lango linapanda. Ukiachia, linashuka na kujifunga. Maandishi ukutani yalisema watakaotoka watafute ufunguo huko nje wafungue mlango mkubwa, na lango likishuka kabla ya ufunguo kupatikana, wote wameshindwa. Zilibaki dakika saba. Hakuna aliyeuliza nani abaki. Loyce na Brighton waligeuka wakanitazama, na mimi nilikuwa nimeshaishika kamba.

Wakapita kwa magoti, nikabaki peke yangu. Hapo simu yangu ikalia.

Niliijua, maana namba ya nyumbani nimeiwekea mlio wa peke yake. Ililia nyuma ya ukuta, hatua tatu tu kutoka nilipo. Neno "fungua" lilinifika kooni. Lakini niliwasikia wenzangu wakipekua makopo huku wakicheka, nikajiambia ni dakika nne tu, nitampigia, nisiwaharibie. Nikaikaza kamba. Simu ikakatika, ikalia tena, halafu ikanyamaza katikati ya mlio. Kuna mtu alikuwa ameipokea.

Waliponifungulia zilibaki sekunde thelathini. Brighton alirukaruka kama mtoto. Loyce akanipa simu yangu.

"Nimeongea na mama yako! Nimeona inalia sana, nikasema nisimwache mzee na wasiwasi. Amemwaga Kikurya, na mimi namjibu tu 'ndiyo mama, ndiyo mama', mpaka ikakatika. Sauti yake safi kabisa, Ghati. Tena amecheka."

Moyo wangu ukatulia. Mtu anayecheka hayuko pabaya, niliwaza, mimi niliyefanya uuguzi miaka tisa.

Kipriani akaingia kutupongeza, akatuonyesha ndoano ya chuma iliyojificha nyuma ya ramani. "Mngeifunga kamba hapa, mkatoka wote watatu. Kila kundi linadhani lazima mtu abaki." Tukacheka sana, na mimi nilicheka kuwazidi.

Jioni nilipiga, simu haikupatikana. Kijijini kwetu simu hupelekwa senta kuchajiwa, sikushtuka. Jumapili mchana vilevile. Jumapili saa moja jioni mdogo wangu akanipigia kwa simu ya jirani. Alilia tu, nikaelewa.

Tulimzika Jumatano. Watu walipopungua, mdogo wangu alinifuata jikoni, macho makavu, akaniuliza, "Mama ulimdanganya kwa nini?"

Sikumwelewa, akanieleza. Jumamosi mama aliomba apigiwe Ghati. Akamshikia simu karibu na mdomo, spika ikiwa imewashwa. Mama akauliza: Ghati, kesho utakuja? Ikajibiwa: ndiyo, mama. Akauliza tena: kesho hii hii, Jumapili? Ndiyo, mama. Basi akacheka. Simu ilipozima chaji, akamwambia mdogo wangu, "Huyu mtoto naye, siku hizi ananijibu Kiswahili."

Jumapili mama aliomba aogeshwe. Akavaa kitenge nilichomletea mwaka juzi, akakataa kulala, akaegemezwa mito akiangalia mlango. Mchana mvua ilikuja na upepo, baridi ikawa inamwingia, wakataka kufunga. Akasema wasifunge, Ghati yuko njiani. Jua lilipokaribia kuzama akauliza kama basi la Mwanza limeshapita. Wakamwambia limepita. Hakuuliza tena.

Sikumwambia mdogo wangu kwamba ile haikuwa sauti yangu. Ningeanzia wapi? Kwamba nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye simu, mikono yangu imeshika kamba ya mchezo? Kama ningesema lile neno moja, ningepokea mwenyewe, na Jumamosi ile ile ningeondoka, tiketi au hakuna tiketi, ruhusa au hakuna ruhusa. Nilimwambia, "Nisamehe." Akageuka akaondoka.

Safari ya kurudi, kutoka Mwanza mpaka Nyakanazi, nilikuwa napanga maneno ya Loyce. Mdomo ninao, wanaonifahamu wanajua. Niliyapanga yote: ya Krismasi mbili, ya likizo, ya kupokea simu ya mtu na kumwitikia mama wa mtu kwa lugha usiyoijua. Nilipofika Kibondo yalikuwa tayari, hakuna lililopungua.

Loyce alikuwa amefagia chumba changu. Sare zangu alizifua na kuzipiga pasi, na zamu zangu zote alikuwa amezishika yeye, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Alinimiminia chai ya tangawizi, akakaa ukingoni mwa kitanda akilikunjakunja pindo la khanga yake.

"Ghati, pole sana. Kuna kitu kinanisumbua, sijui nikuulize." Akaliachia pindo. "Siku ile kwenye simu. Mimi naona nilikuwa wa mwisho kuongea na mama yako huku kwetu. Natamani kujua alikuwa anasema nini."

Niliweka kikombe chini. Maneno yangu yote yalikuwepo, ningeyaanza popote. Nilimtazama Loyce, nikaona jinsi anavyoningoja kwa hofu.

"Alikuwa anasalimia," nikamwambia. "Alisema nikae vizuri na wenzangu."

Loyce akafunika uso kwa khanga, akalia kwa kwikwi. Kisha akainua kichwa, akapangusa machozi, na kwa mara ya kwanza tangu niingie akatabasamu.

"Nilijua tu," alisema. "Sauti yake ilikuwa na furaha."

"Ndiyo," nikamjibu. "Ndiyo, Loyce."