Mji wa Saruji na Mji wa Nguo

Salamu zenyewe zilikuwa hazijaisha, tayari ndugu wawili wa kike wanabishana mji gani una afadhali.

"Kwenu hata panya wamehama," mdogo mtu alisema huku akimmiminia dada yake chai. "Kiwanda cha nguo kimegeuka zizi la mbuzi. Utakaaje pale, dada?"

"Nyani haoni kundule! Na kwenu je? Vumbi la saruji limegandia mabati mpaka nyumba zinainama. Tanuri lilizimwa zamani, bado napiga chafya."

Wakacheka, maana walikuwa na ndimi za upanga tangu utotoni.

Dada mtu walizoea kumwita Redio. Jina hilo alilipata kwenye ukumbi wa kufumia, kwa kuwa mitambo ingurume itakavyo, yeye hakunyamaza. Wafumaji wote waliongea vile: sauti haitoki, midomo tu inachezeshwa, na mwenzako wa mashine ya kule mwisho anakusoma na kucheka. Umbeya wote wa mji ulipita hapo kimyakimya. Kiwanda kilipofungwa, masikio ya Redio yalikuwa yameharibika nusu, lakini macho, we acha tu!

Mdogo wake, ingawa alizaliwa hukohuko kwenye nguo, aliolewa huku kwenye saruji, akapika kantini ya kiwanda mpaka siku ya mwisho. Sasa wote ni wajane, watoto wametawanyika, na mdogo mtu akamwita dada yake ahamie kwake, wazeeke pamoja. Redio akaja, "kutazama tu," alisema. Kumbe moyoni alishakata shauri kuwa hahami. Aonewe huruma na mtoto aliyembeba mgongoni? Thubutu!

Baada ya chai walitoka kuutembelea mji. Barabara ya kiwandani ilikuwa na maduka, mengi yamefungwa, na mengine yamefunguliwa kwa mazoea tu, muuzaji anasinzia nyuma ya sabuni. Mdogo mtu alisimama kila baada ya milango miwili mitatu, akisalimia watu kwa salamu ndefu mno.

"Hapa maji yanatoka kila siku," alijigamba.

"Kwetu umeme haukatiki."

"Utakatikaje, nani anautumia?"

Redio alicheka, ila kilimuuma. Ni kweli jioni madirisha mengi ya mtaa wake hayawaki taa. Lakini mkataa kwao ni mtumwa, na yeye utumwa hautaki.

Waliporudi, mdogo mtu alitoka na ndoo kwenda bombani. Redio akaketi karibu na dirisha, ambalo kioo chake hakifunguliwi kwa sababu ya vumbi. Akamwona ndugu yake amesimama na jirani, muuguzi mstaafu. Muuguzi alikuwa amempa Redio mgongo. Uso wa mdogo wake ulielekea dirishani.

Hakukusudia. Mfumaji akiona mdomo unacheza atausoma tu, kama wewe usivyoweza kuacha kusikia mlango ukigongwa.

"Sijamwambia," mdogo wake alisema kule nje. "Nikimwambia mapafu yamekwisha, atakuja kwa kunihurumia. Nataka aje kwa kupapenda." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Naogopa kufa peke yangu, mwenzangu."

Redio alikasirika. Kwanza alimkasirikia mdogo wake kwa kumficha. Kisha akakumbuka zile salamu ndefu za barabarani, akaelewa kuwa mtu alikuwa anatafuta pumzi huku yeye anatafuta jibu la kumshinda, na hasira yote ikamgeukia mwenyewe.

Mdogo mtu aliingia, akaitua ndoo, akashika ukuta.

"Haya, dada. Umeamuaje?"

Redio akapiga moyo konde. "Mji wenu mzuri. Maji yapo, soko liko karibu. Kwetu pamekwisha. Nahamia."

Mdogo wake hakufurahi. Alimtazama sana, akatazama dirisha, akatazama bomba lilipo. Dada huyu hajawahi kushindwa ubishi maisha yake yote.

"Umenisoma."

"Nimekusoma!" Redio alifoka, na machozi yalikuwa yameshamtoka. "Tumbo moja, ziwa moja, halafu habari zako nizipate kwa kupiga chabo dirishani? Mimi ni nani kwako?"

"Nilitaka uje kwa hiari yako, dada."

"Kuna hiari gani kwa ndugu? Ungesema tu njoo naumwa, ningekuja usiku huohuo."

Mdogo mtu alikaa chini kwenye mkeka, akakohoa mpaka akachoka. Redio alimpa maji, akamsugua mgongo kwa nguvu, kama anamwosha mtoto.

"Nikifa, dada..."

"Funga mdomo wako."

"Nikiufunga utasomaje?"

Walicheka, wakacheka vibaya, mpaka kicheko kikageuka kikohozi tena, Redio akaogopa.

Kilipotulia, mdogo mtu alimshika mkono. "Usinizike huku. Mume wangu atanisamehe, yeye amelala na ndugu zake. Mimi nipeleke kwetu, karibu na mama."

"Mji ulioutukana tangu asubuhi?"

"Huohuo."

Redio aliitazama ile nyumba, ukuta wa kijivu na dirisha lisilofunguka. Hapakumpendeza hata kidogo.

"Basi nitakaa hapa," alisema, "mpaka tuondoke wote."