Kuruka Futi Mia

Mume wangu alipotimiza miaka hamsini na sita alikata shauri kujifunza kurusha ndege. Sisemi kupanda ndege, nasema kurusha, ashike usukani yeye mwenyewe. Wenzake wa umri ule wanafuga kuku au wanaanza kulalamikia magoti. Wangu alirudi nyumbani na kofia, miwani ya jua na kitabu kinene kama tofali, akavipanga juu ya meza ya chakula na kuniambia, "Mama watoto, nimejiandikisha."

"Umejiandikisha nini?"

"Urubani. Si wa kazi, wa kujifurahisha tu."

Nikamuuliza saa moja ni shilingi ngapi. Akaitaja bei harakaharaka huku anaangalia dirishani. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona saa moja ya angani ni sawa na mashimo manne. Hapo inabidi nieleze, maana nyumbani kwetu kila kitu tunakihesabu kwa mashimo. Tuna lori la kunyonya majitaka. Shimo la choo likijaa, watu wanatupigia simu, tunakwenda, tunanyonya, tunaondoka na uchafu wao, nao wanasimama pembeni wameziba pua utadhani uchafu tumekuja nao sisi. Kwa kazi hiyo tumesomesha watoto watatu. Mlangoni mwa lori, mwaka tulipolinunua, tuliandikisha kwa rangi nyekundu: MUME NA MKE, TUNANYONYA MASHIMO. Wazo lilikuwa lake. Alisema watu waone kwamba hatuoni haya.

Dereva ni mimi. Yeye mgongo ulimsumbua, akaacha kuinama, siku hizi anazunguka kutafuta wateja wakubwa, mahoteli na mashule. Kulirudisha lile lori kinyumenyume kwenye kichochoro chembamba bila kukwaruza hata kioo, hiyo kazi niachieni mimi. Sijisifu, ulizeni.

Basi sikumkataza. Hanywi, hapigi, hana nyumba ndogo. Mashimo manne kwa wiki tutajibana, nikasema, na mwenyewe atachoka.

Hakuchoka. Alikaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, fimbo ya kudekia katikati ya magoti, akawa anapaa na kutua mpaka wageni wakawa hawajui wakae wapi. Kabla ya kuja mezani alikuwa anasimama mlangoni na kusema, "Mnara, naomba ruhusa ya kutua." Nami nampa ruhusa, kwa sababu chakula kinapoa. Majirani wakaanza kumwita Kapteni. Walikuwa wanamcheka waziwazi, yeye akawa anawapungia mkono.

Wiki ya saba akaja na habari ya ndoo. Kumbe kule klabuni kuna desturi yao. Siku mwanafunzi anaporuka peke yake kwa mara ya kwanza, bila mwalimu, akishatua anamwagiwa ndoo ya maji kichwani. Anayemwaga ni mke wake, au mume kama rubani ni mwanamke, mbele ya watu wote, na picha inatundikwa ukutani. Alinieleza macho yanamng'aa. Nakwambia nilifurahi kama msichana. Miaka ishirini na tisa nabeba ndoo, hatimaye nimepata ya kupigiwa picha. Nikashonesha na blauzi.

Blauzi ikaisha, siku nayo ikapangwa, Jumapili. Ijumaa ya kabla yake mwenzangu akawa anazungukazunguka jikoni, anafungua kabati na kulifunga.

"Ile Jumapili," akasema, "usijisumbue kuja. Jua litakuwa kali. Ndoo atamwaga katibu wa klabu."

"Katibu ni mke wako?"

"Nimeshawaambia wewe unaogopa urefu."

"Maji nitamwaga nikiwa nimesimama chini. Urefu unaingiaje hapo?"

Akajifanya simu inaita, akatoka. Jioni ile ile nikawa nafua shati lake, mfukoni nikakuta kadi mpya, ngumu, ina maandishi ya dhahabu. Jina lake, na chini yake: Mshauri wa Mazingira. Nikaisoma mara mbili. Mazingira yenyewe ndiyo mimi, na buti zangu za mpira.

Iliniuma. Sitaki kujikaza hapa, nililia, nikiwa bafuni na bomba limefunguliwa. Mashimo hayakuniuma, pesa huja na kwenda. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, asimame mbele ya wale watu wake aseme, huyu ni mke wangu na hii ndiyo kazi yetu. Basi. Hata ndoo wangeimwaga wenyewe.

Jumamosi asubuhi alitoka na kofia yake kwenda kwenye somo la mwisho kabla ya siku kubwa. Hata chai sijamaliza, simu ikalia. Sauti ya mwanamke, ya heshima, ina haraka.

"Mama, mimi ni katibu wa klabu ya ndege. Shimo letu la choo limefurika, na kesho tuna wageni. Tuna mwanachama wetu, mtu wa mazingira, tumemwomba wiki nzima atutafutie gari. Kila siku anatuambia analifuatilia."

"Namba yangu amekupa yeye?"

"Hapana, nimeiona kwenye nguzo ya umeme hapa mbele ya geti."

Tangazo lile nililibandika mwenyewe mwaka jana. Nikamwambia nakuja. Binamu yangu anayeshika mpira wa kunyonyea alikuwa na homa, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Ningeweza kumpigia mume wangu nikamwonya. Sikumpigia.

Nilikuwa nadhani nitaona madege. Nikakuta vindege vitatu kwenye majani, kila kimoja kidogo kuliko lori langu. Shimo lilikuwa nyuma ya vyoo, na njia ya kufikia hapo inapita kati ya ukuta na bawa la ndege iliyoegeshwa. Mwalimu wa urubani, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, akaja mbio.

"Mama, subiri kwanza tusogeze ndege."

"Hakuna haja, mwanangu."

Nikarudi kinyumenyume, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili nimeshika mlango nachungulia nyuma. Shubiri moja ikabaki upande wa ukuta, shubiri moja upande wa bawa. Nikazima injini. Yule kijana alikuwa bado ameinua mikono, amesahau kuishusha.

Katibu akausoma mlango wa lori kwa sauti. "Mume na Mke. Na huyo mume yuko wapi?"

Alikuwa barazani, hatua kumi kutoka pale, na miwani yake ya jua na kikombe mkononi, katikati ya wenzake watatu. Nikampa nafasi. Nikashuka polepole, nikavua glavu kidole kimoja kimoja. Nikamtazama usoni, nikasema, "Mume yupo. Atatokea."

Mwalimu akaona jinsi tunavyotazamana. "Mzee, mnafahamiana na mama?"

"Hapana," mume wangu akasema. "Simfahamu kabisa. Ndiyo kwanza namwona leo."

Jamani. Kwetu mtu akikana jambo mchana kweupe namna hiyo tunasema ameruka futi mia. Wiki kumi za masomo, mashimo arobaini, na siku aliyoruka vizuri kuliko zote hakuhitaji hata ndege.

"Sawa," nikasema. "Basi mzee usiyenifahamu, naomba unishikie mpira. Mwenzangu anaumwa."

Akafungua mdomo. Katibu akamwahi. "Msaidie mama, mzee. Si ndiyo mambo yako ya mazingira haya?"

Akaweka kikombe chini, akakunja mikono ya shati jeupe, akaja. Mpira aliushika kama alivyokuwa anaushika zamani, kiwiko kimebana ubavuni, mguu mmoja umeukanyaga nyuma, na koki akaifungua nusu kwanza bila mtu kumwambia. Wenzake wakashangaa. Mwalimu akasema, "Mzee, una kipaji." Mimi nikaenda kuwasha pampu nisicheke.

Shimo lilikuwa kubwa, la kunyonya karibu saa nzima. Baada ya dakika kumi mwalimu akaangalia saa yake, huruma ikamwingia usoni. "Mzee, muda wako wa kuruka ndio huu, na saa ikishalipiwa hairudi."

"Nakuja," akasema mume wangu.

"Ukiuachia huo mpira utachomoka," nikamwambia, "na kesho wageni watakuja kukaa juu ya vitu visivyosemeka."

Alijua ni kweli. Mara ya mwisho ulipochomoka alikuwa ameuachia yeye, nguo zetu tulizichoma moto. Akaushika tena.

Mwalimu akanigeukia mimi. "Mama, lori lile umeliingiza kwa mkono mmoja. Kiti kitaruka kitupu. Hutaki kuonja?"

Nikamtazama mume wangu. Alitikisa kichwa kidogo, vile anavyofanya dukani nikishika kitu cha bei.

"Nataka," nikasema. "Mashimo manne hayo."

"Mashimo gani, mama?"

"Ya kwangu."

Nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikavua buti, nikapanda na soksi. Mwalimu akanivalisha vile vya masikioni, ndege ikatetemeka, ikakimbia, na ardhi ikatuachia. Nilipanda nikiwa nimejiandaa kuichukia. Nilitaka nikishuka niweze kusema, kumbe ni hiki tu. Lakini alinipa usukani nikaugusa, na ndege nzima ikaitika taratibu, ikageuka pale nilipotaka. Chini paa za nyumba zilikuwa zimetulia, na kwenye kila paa nilijua shimo liko upande gani. Halafu nikagundua kwamba hakuna harufu. Miaka ishirini na tisa ile harufu inalala na mimi, naiosha na inarudi, na huku juu haikuwepo hata kidogo. Nikamwelewa mume wangu, nikamwonea huruma. Nilikuwa karibu kabisa kumsamehe.

Tukazunguka kurudi juu ya klabu. Nikaliona lori, mpira mwembamba kama uzi, na kitu cheupe kimesimama mwisho wa uzi, uso umeelekea juu.

"Yule mzee anakutazama tu," mwalimu akasema masikioni mwangu. "Kweli hamjuani?"

Naapa nilifungua mdomo niseme ni mume wangu. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikakumbuka kikombe, baraza, ndiyo kwanza namwona leo, na likatoka jingine.

"Simjui," nikasema. "Nilidhani ni kibarua wenu."

Mbele yangu kulikuwa na saa ya kupima urefu. Ilisoma futi elfu mbili na mia tatu.

Tulipotua watu walikuwa wamekusanyika kwenye lori. Pampu ilikuwa imezimwa, na ndoo nyekundu, mpya, imewekwa juu ya ngazi za baraza. Mume wangu alisimama katikati yao, shati limechafuka mpaka kifuani, kofia sijui imeangukia wapi. Katibu akanijia ameninyooshea mikono yote miwili.

"Mama, kumbe. Mlipopaa tu, mzee wetu ametuambia kila kitu. Amesema yule anayeruka ni mke wake, lori ni lenu, na kila mlichonacho kimetoka kwenye mikono yako. Amesema kesho asipoimwaga ndoo mke wake, haruki."

Mume wangu alikuwa ananitazama kama siku ile alipokuja nyumbani kunichumbia, mtu mzima anasubiri kuambiwa.

Mwalimu akatokea upande wa pili wa bawa, vya masikioni vikiwa shingoni. "Mke wake?" akasema. "Mama, mbona kule juu umeniambia ni kibarua wetu?"

Wote wakanigeukia. Katibu akaishusha mikono yake polepole. Nikatazama soksi zangu.

Mume wangu akainama, mgongo wake ule ule mbovu, akaanza kuukunja mpira. Nikamfuata.

"Baba watoto," nikasema.

Aliendelea kukunja. Mzunguko wa kwanza, wa pili.

"Mwalimu alikufikisha futi ngapi?" akauliza bila kuinua uso.

"Elfu mbili na mia tatu."

Akaitikia kwa kichwa kama rubani anayepokea taarifa. "Mimi bado hajanivusha elfu moja na mia tano," akasema. Kisha akaniletea ncha ya mpira, ule upande mchafu. "Shika huku."

Nikashika.