Ukurasa Alioutia Saini Kinara

Mkono wangu ulishaandika tusi kabla sijaelewa kwamba anayetukanwa ni shangazi yangu.

Ndivyo hati mkato inavyomzoesha mtu. Sikio linasikia, penseli inakimbia, akili inafuata nyuma ikihema. Zamu zetu waandishi wa taarifa za Bunge katika chumba cha kamati zilikuwa za dakika kumi kumi, na katika zamu yangu mbunge Kinara alikuwa amesimama akiutetea muswada wa likizo ya wafanyakazi. Alizungumza hadi mahasimu wake wakaacha kunong'onezana. Shangazi, aliyekuwa akigawa chai, akadondosha matone mawili matatu juu ya karatasi za Kinara.

Kinara hakupandisha hata sauti. "Takataka wewe. Hata akili ya kubeba kikombe huna."

Kisha akarudi kwenye haki za mnyonge pale pale alipoziachia. Nami nikaandika yote, bila kuruka neno.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kinara tulimpenda sote wa rika langu, maana alikaa gerezani miaka sita kwa ajili ya watu asiowajua. Picha yake niliibandika ndani ya mlango wa kabati langu, mahali ambapo wenzangu walibandika wachumba.

Nilimkuta shangazi kwenye chumba cha vyombo, ameinamia sinki.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Na lile?"

"Ndiyo kazi yenyewe, shangazi."

"Basi kalifute. Wanangu wanajua kusoma."

Miaka kumi na mmoja alikuwa kibarua mle ndani, na ni yeye aliyenihangaikia hadi nikapata kazi ile. Sijawahi kumsikia akiomba kitu. Lakini kufuta sikuweza. Taarifa ikishapigwa chapa, mwenye ruhusa ya kuondoa neno ni aliyelisema, kwa kalamu yake, kisha anatia saini. Nikajipa moyo kwamba mtu kama yule akiliona tusi lake kwenye karatasi, ataona haya alikate mwenyewe.

Saa tisa nilisimama mbele ya meza yake. Kura ilikuwa saa kumi.

Alisoma polepole, kalamu nyekundu mkononi, midomo ikicheza. Nikaliona jicho lake likifika kwenye ule mstari. Likapita. Akageuza karatasi, halafu akairudisha, nami moyo ukanipasuka kwa furaha.

"Hapa nimekosea," alisema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"'Wafanyakazi wa kudumu.' Kwa nini wa kudumu? Vibarua hawachoki?" Akavuta simu, akampigia mwandishi wa muswada. "Hayo maneno mawili yatoe. Ndiyo, sasa hivi. Watapiga kelele, waache wapige."

Huku mwandishi akibisha upande wa pili, yeye akanitazama. "Kuna lingine?"

Nikaweka kidole kwenye mstari. "Hapa, mheshimiwa."

Akainama akautazama vizuri, kama fundi anayetafuta ufa. "Hapo pana nini? Nukta?"

Hakuwa anajifanya. Ningeapa hata leo: mtu yule hakuona kitu. Nami nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia, kwamba huyo ni shangazi yangu, lakini simu ilikuwa bado sikioni mwake na mwandishi alikuwa bado hajakubali. Je, akikasirika? Akikata simu?

"Nilidhani imekosekana nukta," nikasema.

Akatia saini.

Siku hizi wanafunzi hunijia na ukurasa ule wakiuliza kama alikuwa mtu mkubwa au la. Wengine wanataka nimtukane, wengine nimtetee. Nawaambia nilichokiona. Sheria ile imelaza usingizi wa mchana watu wasio na idadi. Na tusi nalo halikuteleza ulimini, lilikuwa ni lake. Ninachokitamani bado, uzee huu, ni kujua angefanya nini kama ningeisema sentensi yangu. Pengine angeona haya. Nilimnyima nafasi hiyo, na shangazi yangu pia nilimnyima.

Nilirudi kwa shangazi jioni ile ile, muswada umeshapita. Nikaanza na habari njema: vibarua wote, siku ishirini na nane kwa mwaka, na mshahara juu. Aliacha kufuta vikombe.

"Wote?"

"Wote. Kayatoa yale maneno kwa mkono wake, mimi nikimwona."

"Na lile la kwangu?"

"Kalisoma. Kaliacha."

"Aliposoma, hakunikumbuka?"

"Hakukukumbuka, shangazi."

Alifikiri kidogo, bila hasira, kama mtu anayepiga hesabu ya unga.

"Kwa hiyo hata hiyo likizo," alisema, "alipokuwa ananipa, hakuniona."

Akakausha kikombe cha mwisho, akauliza fomu za likizo zinachukuliwa chumba gani.